Unga wa Mtama Kaburini

Kila mwaka, Jumapili ya akina mama, wananisimamisha kanisani. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye wakati ule hata hakuwa amezaliwa, anaeleza jinsi nilivyomwokoa mtoto wa wakimbizi siku za vita vya Msumbiji, na akina mama wanapiga vigelegele. Nasimama kwa sababu ya adabu tu. Wanasema nilikuwa na moyo wa huruma. Mimi nakumbuka nilikuwa na matiti yaliyojaa, blauzi iliyolowa mbele za watu, na hasira. Huo moyo wa huruma ulikuja baadaye, na ulipokuja ulinikuta nimeshazika.

Tulikuwa wageni Mtwara. Mume wangu alikuwa karani bandarini, na sote wawili ni watu wa Ubena, tuliozoea baridi na ukungu wa asubuhi. Tulipanga mtaa wa Chikongola, chumba na sebule, tukichangia ua na bibi mmoja mjane, Mwislamu wa Mikindani, aliyekuwa akipika vitumbua alfajiri na kunisema mchana kutwa kwa sababu sikujua kupika wali wa nazi. Kanisa letu lilikuwa dogo na karibu lote ni watu wa kuja: walimu wa kutoka Mbeya, makarani wa bomani, mafundi wa bandari na wake zao. Tukitoka ibadani tulisimama nje tukilalamikia joto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa ya kiroho kabla ya vita.

Mimi na mume wangu tulikaa muda mrefu bila mtoto. Yeye alikuwa mwana wa kiume pekee kwa baba yake, na mama mkwe alikwishaanza kutuma salamu zenye miiba. Kisha nikampata mtoto wa kiume. Tangu siku ile mume wangu aliacha kuniita jina langu. Akawa ananiita kwa jina la mtoto, Mama Fulani, na alilitamka kwa sauti kubwa bila sababu yoyote, hata mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Jioni akitoka kazini alimbeba mtoto hadi gatini kumwonyesha meli za korosho. Mtoto wa miezi michache anajua nini kuhusu meli? Lakini alimwonyesha.

Mwaka ule vita vya ng'ambo vilipamba moto. Jumapili moja mchungaji alipanda mimbarani, akafungua Biblia, akaifunga tena. Akasema watu wanavuka Ruvuma kwa mitumbwi, wamejaa kijijini Mahurunga, wenyeji wamewapa vibanda vyao vya mashambani na chakula kinawaishia. Akasema hana mahubiri ya siku hiyo, ana lori la korosho aliloazima, na anataka akina mama wa kwenda kupika na kuuguza kwa zamu.

Mume wangu alikataa. "Una mtoto anayenyonya," alisema. "Watakwenda wengine."

"Wengine akina nani?" nilimuuliza. "Kanisa zima ni sisi hawa."

Siku ya safari alinishika mkono nikapanda lorini, kisha akanipa mtoto, akasimama pale mpaka lori lilipokata kona. Nilimwona amechukia, nami nikachukia kwamba amechukia. Tulikuwa vijana.

Mahurunga nilikuta watu wengi wamekaa kimya. Nilitegemea vilio, na kimya kile kilinitisha zaidi. Wengine walikuwa na majeraha, wengine hawakuwa na kitu ila miguu iliyovimba. Tulipika uji wa mahindi kwenye madebe, tukautia sukari kama kwetu, wazee wakaonja na kuomba chumvi kwa ishara. Mwenyekiti wetu, mke wa mwalimu, alinuna akisema watu hawana shukrani. Kesho yake alipika uji wa chumvi. Hatukuwa malaika. Tuligombania vivuli, tuligombania nani akachote maji mtoni, na mmoja wetu alirudi mjini na lori lile lile lililotuleta. Lakini waliobaki walisafisha vidonda vyenye funza kwa mikono yao, na waliimba huku wakisafisha ili wasitapike.

Siku ya pili akaja bikizee mmoja na mtoto mchanga wa kike ndani ya kaniki. Hakujua Kiswahili, alisema Kimakonde tu, na mwenyeji mmoja akatutafsiria. Mtoto si wake. Mama yake alivuka naye akiwa na homa, akafia kibandani juzi. Tangu hapo mtoto amekataa uji, amekataa maji ya sukari, sasa hata kulia kumemshinda.

Wenzangu wakaanza kushauriana. Mmoja akasema apelekwe mjini, hospitali watakuwa na maziwa ya kopo. Mwingine akauliza lori litarudi lini. Mimi mwanangu alikuwa amelala mgongoni. Yule kichanga akatoa sauti ndogo, nyembamba, na maziwa yangu yakashuka yenyewe. Yalilowesha blauzi yote, mbele ya mchungaji na wanaume wa kijiji. Niliona aibu, kwa aibu nikakasirika, nikamnyakua yule mtoto nikakaa chini nikampa ziwa. Hiyo ndiyo huruma yangu inayopigiwa vigelegele.

Alinyonya vibaya mwanzoni, akasahau, akakumbuka. Halafu akashika kidole changu.

Wiki ile nilinyonyesha wawili. Mwanangu alikuwa mlafi na hakupenda kuchangia. Alimsukuma mwenzake kwa mguu, nasi tulicheka. Zamu yetu ilipokwisha hakukuwa na wa kumwachia yule binti, kwa hiyo nilirudi Chikongola na watoto wawili. Bibi jirani alipotuona alishika kiuno. "Ulikwenda kupika uji, mwanangu, umerudi umezaa?" Lakini alimpokea, akamwogesha, na jioni akaniletea bakuli la mchuzi wa pweza akisema unaongeza maziwa. Nilikunywa nikiwa nimefumba macho.

Surua ilikuwa Mahurunga kabla hatujaondoka. Tuliwaona watoto wenye macho mekundu, tukawauguza kama wengine. Yule binti alipata vipele kidogo na homa, akapona upesi. Mwanangu akashikwa. Nani alimpa nani, hakuna ajuaye, nami nimekataa kujua. Ilimwingia kifuani. Hospitali walifanya walichoweza, mchungaji alikesha nasi, na bibi jirani alikaa nje ya wodi na tasbihi yake akimwombea mtoto wa Kikristo kwa maneno yake. Mwanangu alikufa asubuhi, ikiwa imeanza kupambazuka vizuri, wakati watu wengine wanakwenda kazini.

Tulimzika makaburi ya Wakristo, upande wa Mtawanya. Watu walisema yale yanayosemwa, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nilitaka kuwauliza kama Bwana hakuona mwingine wa kutwaa. Sikuuliza. Nilikuwa nimejifunga khanga mbili kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa yanachuruzika, hayajui kwamba kuna msiba. Niliporudi nyumbani yule binti alikuwa analia kwa njaa.

Nataka nieleweke hapa, maana kanisani wanapita haraka sehemu hii. Sikumpenda. Nilimtazama nikaona mdomo unaokunywa maziwa ya mwanangu. Nilikaa chini, nikageuza uso ukutani, nikamnyonyesha huku nimetazama ukuta. Nilifanya hivyo siku nyingi. Sala yangu ilikuwa fupi: asife huyu naye mikononi mwangu. Sikuomba zaidi ya hapo, sikuwa na nguvu ya kuomba zaidi.

Mume wangu alisema neno moja tu. "Wangekwenda wengine." Hakulirudia tena maishani. Lakini hakukanyaga makaburini tangu siku ya mazishi, wala hakuniita tena Mama Fulani. Jina langu la usichana lilikwishamtoka mdomoni, na jina la mtoto hakuweza kulitaja, kwa hiyo hakuniita chochote. Alisema "sikiliza," au aliingia chumbani akaanza tu kuongea. Kanisani nako wakawa wananiita mke wa karani. Nilikuwa mama, kisha nikawa si mama, na hakuna aliyejua aniiteje.

Baadaye kidogo baba wa yule binti akajitokeza. Alikuwa mpagazi wa wapigania uhuru, akibeba mizigo yao msituni, na alisikia Mahurunga kwamba mkewe amefariki na mtoto yuko mjini kwa watu wa kanisa. Alikuja amekonda, akamtazama mtoto, akalia bila sauti. Akatuambia anarudi ng'ambo na hajui kama atatoka. Alimshika mume wangu mkono mbele ya mchungaji, akasema, "Nimewapa. Ni mtoto wenu."

Tuliridhika kabisa. Kwetu Ubena baba akisema amesema, hakuna wa kumuuliza. Mume wangu hata alimchinjia kuku. Hatukumbatiza mtoto, maana baba yake alikuwa mtu wa msikitini, na mchungaji alisema tumepewa mtoto, hatukupewa dini yake. Hilo nalo baadhi ya wazee wa kanisa walilinung'unikia. Lakini mtoto alikuwa wetu. Bibi jirani peke yake, akiwa anapepeta mchele uani, ndiye aliyeuliza, "Na mjombake amesemaje?"

Nilicheka. "Mjomba anaingiaje hapa, bibi?"

"Haya," alisema, akaendelea kupepeta.

Baba yule hakurudi. Tulisikia aliuawa.

Siwezi kusema ni lini nilianza kumpenda binti. Siku moja niligundua kwamba sitazami ukuta tena. Mume wangu alichelewa zaidi. Kisha jioni moja nikamkuta amembeba mabegani, wanaelekea bandarini kutazama meli. Niliingia ndani nikalia, nikatoka nikaandaa chakula. Alikua mtoto mwenye maneno mengi, Kiswahili chake cha bibi jirani, Kibena cha matusi madogo aliyoyasikia kwangu. Alitembea na vitumbua mkononi mtaa mzima. Sikupata mtoto mwingine. Mama mkwe alikufa huko Ubena akiwa ameacha kutuma salamu, na nilipokwenda msibani niliiona ile nyumba, kubwa, imefagiwa, na hakuna mtoto wa kiume wa kuendeleza jina lake.

Vita vilipokwisha watu walianza kurudi kwao. Asubuhi moja mtu alipiga hodi uani. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye chale za Kimakonde usoni, kanzu yake imeshonwa viraka safi. Bibi jirani alimkaribisha kwanza, wakasalimiana kwa kirefu, na nilipoona bibi ameinamisha kichwa nilijua kabla sijaambiwa.

Mume wangu aliitwa kutoka kazini. Mgeni alikaa mkekani, alikataa kiti.

"Nimekuja kwa sababu ya ntoto wa dada yangu," alisema.

"Baba yake alinipa mkononi," mume wangu alisema. "Mchungaji alikuwapo. Mlete yeyote umuulize."

"Nnajua, shemeji. Baba yake alikuwa ntu mwema, Mungu amrehemu. Lakini alikupa kisicho chake."

Mume wangu alisimama. Nilidhani atampiga. Bibi jirani akaingilia, akatueleza taratibu, kama watoto, yale ambayo wenyeji wote wa huku wanayajua na sisi tuliokaa miaka yote ile tukilalamikia joto hatukuwahi kuyauliza: kwamba kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni mjomba. Baba humpenda mtoto, humlisha, lakini hawezi kumgawa.

"Nitakwenda bomani," mume wangu alisema. "Nina watu bomani."

"Nenda, shemeji," mgeni alisema. "Nkinikatalia, sigombani nanyi. Nitarudi kwetu." Akatazama mikono yake. "Tulizaliwa wengi sisi. Dada zangu walikuwa watano. Wamekwisha wote, na ntoto wa kike aliyebaki ni huyu. Mimi nna wanangu, ila hao ni wa ukoo wa mama yao. Asiporudi huyu, sisi tumekwisha."

Mume wangu aliondoka akarudi kazini bila kuaga. Mimi nilibaki uani na mtu yule. Binti alikuwa anacheza pembeni na kifuu cha nazi, anakipika mchanga. Ningeweza kukataa. Bomani wangetusikiliza; sisi tulikuwa watu wa serikali na yeye mtu wa viraka. Lakini nilikuwa nimetoka kuiona ile nyumba ya Ubena. Nilijua ukimya wa nyumba iliyoishiwa watu, na nilijua kwamba nikimkatalia nitakwenda nao ukimya wake pia, juu ya ule wangu. Nilimchukia kwa kunifanya nijue. Nikamwambia akae kwa bibi siku chache, mtoto amzoee kwanza.

Alikaa. Alimchongea kijiko cha mti na kimdoli chenye masikio makubwa. Siku ya mwisho kabla ya kuondoka aliniuliza, "Dada, alinyonya wapi huyu, na mama yake alikufa?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, hadi surua, hadi khanga mbili kifuani. Sikuwahi kumweleza mtu. Alisikiliza ameshika tama.

"Basi aliyemnyonyesha ntoto wa dada yangu ni dada yangu," alisema alipomaliza kufikiri. "Sikukuita hivyo kwa heshima tu. Na ntoto wako yule ni mpwa wangu. Nitaondokaje sijamsalimia? Jina lake nani?"

Nililisema jina la mwanangu. Lilitoka kwa shida, limekaa sana.

Kesho yake asubuhi mume wangu aliamka, akambeba binti muda mrefu, akamweka chini, akavaa shati la kazi, akaenda bandarini. Hakutaka kuona lori. Mimi, binti na mjomba tukaenda kwanza makaburini. Mjomba alikuwa na unga wa mtama kwenye kitambaa. Nilijua ni nini. Nilikuwa mama wa kanisa, na tambiko kwenye makaburi ya Wakristo lingeweza kunifungia meza ya Bwana. Nilitazama huku na huku, nikanyamaza.

Alichuchumaa, akamwaga unga kidogo kidogo kichwani mwa kaburi, akisema maneno kwa Kimakonde kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na ndugu. Katikati ya maneno hayo nilisikia jina la mwanangu. Nililisikia mara kadhaa. Kisha akampa binti unga, akamwambia, "Nwagie kaka yako." Binti alimwaga wote mahali pamoja, akafuta mikono kwenye gauni, akauliza kama kaka atapika ugali.

Niliwasindikiza hadi kwenye lori la Mahurunga. Binti alifurahia lori. Alinipungia mkono akiwa na kitumbua, na alipoona mimi sipandi uso wake ukabadilika, na lori likaondoka. Sikumwona tena. Ng'ambo si mbali, lakini haukupita muda mrefu vita vingine vikaanza kule, na kila niliyemuuliza hakuwa na habari.

Sikwenda nyumbani. Miguu ilinirudisha makaburini. Nilikuta kuku wa mlinzi wa makaburi wamelizingira kaburi wanadonoa ule unga. Niliwafukuza kwa khanga. Wakaenda hatua mbili tatu, wakarudi. Nikakaa chini kando ya kaburi, nikachukua kijiti, nikawa nawafukuza, huku nalia na kuwatukana kwa Kibena, mama mzima wa kanisa nalinda unga wa tambiko. Jua lilikuwa limeanza kushuka niliposikia mtu anakuja nyuma yangu. Sikugeuka, nilidhani ni mlinzi.

Alikuwa mume wangu, na shati lake la kazi. Alisimama akatazama kaburi, akatazama unga, akawatazama kuku. Nilimwambia kwamba yule mtu amemwita mtoto wetu mpwa wake, na amemtaja kwa jina.

Jogoo mmoja alikuwa amerudi. Mume wangu akainama, akavua kiatu, akamrushia.

"Kuku wa nani hawa, Mama Fulani?" aliuliza, na pale mahali pa Fulani aliweka jina la mwanetu.